Nikiweka michoro yangu ya Tingatinga mtandaoni, akili unde itaniibia mtindo?

SWALI: Nachora Tingatinga hapa Dar es Salaam, rangi ya mafuta juu ya kitambaa. Wateja wa nje wanataka kuona kazi zangu mtandaoni, lakini mwenzangu ananiambia akili unde itazisoma na kesho kutwa itachora kama mimi. Nimeshauriwa nipunguze ukubwa wa picha, au nitumie Glaze, programu ya kukinga michoro isiigwe na akili unde. Vinasaidia? Au ndiyo kazi yetu inakwisha?

JIBU: Fundi, kupunguza picha ni dawa ya ugonjwa mwingine. Picha ya pikseli 1,000 upande mrefu inamkwamisha anayetaka kuchapa bango kubwa bila kukulipa, kwa hiyo ipunguze. Mashine ya akili unde haijali. Matoleo ya kwanza ya Stable Diffusion, akili unde inayochora picha, ya mwaka 2022, yalifundishwa kwa picha za pikseli 512 kwa 512. Hiyo ya 1,000 ni kubwa kuliko inavyohitaji.

Inajifunza hivi. Picha inamwagiwa chenga, kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi, mpaka isionekane kitu, kisha mashine inafundishwa kuziondoa hatua kwa hatua. Ikirudia zoezi hilo kwa picha nyingi mno zenye maelezo yake, inazoea kwamba likitajwa neno Tingatinga, chini ya chenga kuna chui wa madoadoa au ndege wa shingo ndefu, na nyuma yake rangi tupu. Kwa kawaida haitunzi mchoro wako mzima. Inabaki na mazoea ya jinsi michoro ya namna hiyo ilivyo.

Glaze, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Chicago, inagusa pikseli kidogo ili jicho lione mchoro uleule lakini mashine ione mtindo mwingine. Ni ya bure, ijaribu. Ila watafiti wengine wameshaonyesha njia za kuivunja, na kwenu nyinyi ina kasoro ya ziada: alama zake huonekana zaidi mahali penye rangi moja iliyotulia. Tingatinga ina nini nyuma ya mnyama, kama si rangi moja iliyotulia?

Halafu kuna jambo ambalo mwenzako hakulisema. Mtindo wa Tingatinga umeshaingia kwenye mashine. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wake, alifariki mwaka 1972, na tangu hapo ndugu na wanafunzi wake wameuendeleza, watalii wakipiga picha miaka yote. Ukificha zako, zilizobaki zinatosha. Hakimiliki nayo hulinda mchoro, si mtindo, na tukisema kweli, mtindo huu umeishi kwa sababu wachoraji wamekuwa wakiigana. Ungekuwa na mwenyewe kisheria, wewe usingekuwa unachora leo.

Je, kazi inakwisha? Kwa maoni yangu, itakayoumia kwanza ni biashara ya twiga wa haraka haraka: vikombe, fulana, picha za kuziba ukuta wa hoteli. Mnunuzi wa hapo anataka sura tu, na sura sasa ni rahisi. Anayeagiza mchoro wa arusi ya dada yake Bagamoyo, na bibi awemo na kanga yake, bado anakuhitaji, kwa sababu lazima mtu amsikilize kwanza. Ningekuwa wewe ningesogea huko, na bei ningepandisha.

Kwa hiyo weka picha mtandaoni. Rekodi video fupi ukiwa unachora, usiondoe mahali brashi ilipokosea. Nyuma ya kitambaa andika jina, tarehe na mahali. Faili kubwa libaki kwako. Na kwa kuwa rangi ya mafuta inang'aa, usiupige picha kwa flashi wala juani: toa mchoro nje, uweke kivulini, simama mbele yake, katikati sawasawa, na uvae shati jeusi. Jeupe litaonekana kwenye mng'ao, juu ya chui wako.