Maji Baridi kwa Maana Zote Mbili: Ushauri kwa Mzamiaji Aliyejifunzia Bahari ya Hindi

Katika Kiswahili maji yasiyo na chumvi huitwa maji baridi, hata yakiwa ya Ziwa Tanganyika, ambako mtu anaweza kuoga asubuhi nzima bila kutetemeka. Maana ya pili ya jina hilo niliijua Tobermory, kaskazini mwa Toronto, mwanzoni mwa Juni, nilipoingia Ziwa Huron na kipimo kikaonyesha nyuzi 6 za Selsiasi. Wakati huo nilikuwa nimeshazamia mara 43, karibu zote katika Ghuba ya Chole, Mafia, ambako maji huwa kati ya nyuzi 25 na 30, na nilijihesabu miongoni mwa wazoefu. Aliyenikodisha vifaa aliniuliza kama nimewahi kuzamia katika baridi. Nilimjibu kwamba nina cheti. Hakuuliza tena.

Nieleze kwanza kilichonipata, kwa kuwa ushauri wote ninaoutoa umetoka humo. Tulishuka wawili. Uso ulipozama pumzi ilinikatika, kisha ikaanza kuja mfululizo, fupi fupi, nisiweze kuitawala. Nilipaswa kurudi juu na kusubiri itulie, lakini niliona haya mbele ya mwenzangu, nikaendelea kushuka hivyo hivyo. Tulipofika mita 12 suti yangu ya mpira ilikuwa imebanwa na kina, nikawa mzito kupita nilivyotarajia, nikabonyeza kitufe cha kujaza jaketi la kuelea na kukishikilia, huku nikihema kwa nguvu. Hapo kifaa cha kupumulia kiliganda kikiwa wazi. Hewa ilimwagika bila kukoma, mapovu yakanifunika uso, na nilipoitazama geji niliona mshale ukishuka mbele ya macho yangu. Mwenzangu, mwenyeji wa huko, alinipa kifaa chake cha akiba, akanishika mkanda wa jaketi, akaifunga koki ya mtungi wangu, tukapanda kwa mwendo ule ule wa mita 9 kwa dakika kama tuliofundishwa. Tulipofika juu hakunilaumu. Aliniuliza tu ni nani aliyenifundisha maji haya, na jibu lilikuwa kwamba hakuna.

Kosa la kwanza lilikuwa la pumzi. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya mwili wa binadamu katika baridi, ana kanuni inayojulikana sana Kanada kwa jina la 1-10-1: anayetumbukia katika maji ya baridi kali ana dakika 1 ya kuirudisha pumzi yake, dakika 10 ambazo viungo bado vinamtii, na saa 1 kabla ya baridi kumpotezea fahamu. Mzamiaji aliyevaa suti hayuko katika hatari sawa na mvuvi aliyeanguka kutoka mashuani na nguo zake, lakini dakika ile ya kwanza haimwachi mtu. Kwa hiyo sasa, kabla ya kushuka, huchota maji kwa viganja nikajimwagia usoni na shingoni, kisha hukaa juu nikiwa nimelijaza jaketi, nikitoa pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta, hadi niweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Nikishindwa kuisema, sishuki.

Kuganda kwa kifaa cha kupumulia kunahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu wengi wetu tuliosoma pwani hatukuwahi kukusikia. Hewa hutoka mtungini ikiwa na shinikizo la bari 200 (bari 1 ni takriban shinikizo la hewa tunayoivuta pwani), nayo hupunguzwa ghafla katika sehemu ya kwanza ya kifaa hadi takriban bari 10 zaidi ya shinikizo la maji yaliyokuzunguka. Hewa inayotanuka hupoa, na ikitanuka nyingi kwa haraka hupoa sana, kiasi kwamba chuma kinachoipitisha hushuka chini ya sifuri. Baharini kuna nafasi kidogo ya usalama, kwani maji ya chumvi huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Ziwani nafasi hiyo haipo. Barafu ikijijenga kwenye vali, vali hushindwa kufunga. Mimi nilikuwa nikihema na kujaza jaketi kwa wakati mmoja, yaani nilikidai kifaa hewa kwa njia mbili, tena katika maji ambayo pengine hakikuundwa kuyavumilia. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 hutaka vifaa vya maji baridi vijaribiwe katika nyuzi 4, na vile visivyofaa chini ya nyuzi 10 huandikwa hivyo kwenye mwili wake. Maandishi hayo ni madogo. Yasome kabla ya kulipa, iwe unakodi au unanunua, na usione aibu kumwambia muuzaji asubiri.

Kifaa kizuri peke yake hakitoshi. Usikivute hewa ukiwa bado nchi kavu katika upepo wa baridi, kwa sababu unyevu wa pumzi yako hubaki ndani na kuganda. Jaza jaketi kwa mibonyezo mifupi, na usibonyeze wakati unavuta pumzi. Ukipata uwezo, tumia mtungi wenye koki mbili na vifaa viwili vinavyojitegemea, ili kimoja kikiganda ukifunge na kuhamia kingine. Zaidi ya yote, jizoeze kupumua kutoka kwenye kifaa kinachomwaga, ukiacha midomo wazi kidogo na kuionja hewa kama mtu anayekunywa maji ya bomba lililofunguliwa sana, huku nyingine ikiachwa ipite. Zoezi hilo lifanyike na mwalimu, katika mita 3, kabla ziwa halijakulazimisha kulijaribu katika mita 20.

Kuhusu uzito, hesabu ina pande mbili. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5, hivyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 anapaswa kupunguza kama kilo 2.5 za risasi, yaani vipande vya madini ya risasi vya mkandani vinavyomsaidia kuzama, mkanda uleule na suti ileile zikitumika ziwani. Lakini suti haiwi ileile. Mafia nilivaa ya milimita 3 na kilo 4 za risasi. Huron, kwa suti ya milimita 7 yenye kofia, nahitaji 10. Suti nene huelea sana juu na kusinyaa sana chini, ikipoteza pamoja na uwezo wa kuelea sehemu ya joto lake, na ndiyo maana wenyeji wengi huvaa suti kavu, isiyoingiza maji, ambayo ndani yake hutiwa hewa. Suti kavu nayo ina mafunzo yake: hewa ikikimbilia miguuni inaweza kukupindua kichwa chini na kukupandisha usipotaka. Sikushauri uikodi Jumamosi na kuizamia kina kirefu Jumapili.

Usidanganyike na Agosti. Wakati huo uso wa ziwa unaweza kufika nyuzi 20, watoto wanacheza ufukweni, na mgeni hujiona ameogopeshwa bure. Shuka sasa mita 15 au 20, utapita tabaka ambalo ndani ya mita chache joto hubadilika kana kwamba umefungua mlango wa jokofu, hadi nyuzi 6 au 5. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na takriban nyuzi 4, hivyo hayo ndiyo yanayokaa chini mwaka mzima. Chagua suti kwa ajili ya huko uendako.

Vidole hutangulia kukuaga. Ukivaa glavu za milimita 5, klipu uliyoifunga kwa sekunde moja Chole itakuchukua dakika nzima, na baada ya dakika 20 hutakuwa na uhakika kama umekishika kitufe au la. Nilirudi shuleni, kwa maana halisi, nikayarudia mazoezi yote ya mwanzo kwenye mabaki ya tagi nne, yaani boti za kuvutia meli, yaliyo karibu na bandari ndogo ya Tobermory, ambapo mtu huingia kutoka ufukweni. Kuvua miwani pale chini kuliniuma kipajini kama niliyepigwa rungu. Mara ya sita kuliuma kidogo. Mwalimu alinitaka pia nipande nikiwa bado nasikia raha, kwa sababu mwili uliopoa hubana mishipa ya mikono na miguu na kuitoa polepole naitrojeni iliyoyeyuka mwilini wakati wa kuzamia, ambayo ikibaki nyingi humdhuru mzamiaji anapopanda, jambo ambalo kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi haiwezi kulijua kwa kuvitazama vidole vyako. Baridi pia humfanya mtu akojoe sana, kwa hiyo kunywa maji hata kama huna kiu.

Eneo hilo ni hifadhi ya taifa ya majini ya Fathom Five, iliyoanzishwa mwaka 1987, na kila mzamiaji hutakiwa kujisajili kabla ya kuingia. Baada ya mbizi kumi za mafunzo ndipo nilipokwenda kuiona Sweepstakes, jahazi la milingoti miwili lililoundwa mwaka 1867 na kuzama mwaka 1885, ambalo mwili wake umelala mita chache tu chini ya uso wa maji ukiwa bado na umbo lake. Kwetu pwani mafundi hupaka majahazi shahamu ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Wadudu hao hawaishi katika maji yasiyo na chumvi, na baridi huchelewesha kuoza. Nilielea juu yake dakika 25, pumzi ikiwa ndefu, kisha vidole vikaanza kufa ganzi, nikamwonyesha mwenzangu gumba la kupanda.