Alizeti hazitakunyonyea dizeli: fanya kazi na mizizi na bakteria

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba tangi la dizeli limevuja nyuma ya karakana yako, na kwamba unakusudia kupanda alizeti ziyanyonye mafuta, kisha msimu ujao upande mboga mahali hapo. Nimewahi kusafisha eneo la namna hiyo kwa misimu mitatu, na kosa langu la mwanzo lilitokana na dhana hiyohiyo kwamba mmea huyanywa mafuta.

Alizeti zimepata sifa zaidi kwa kufyonza metali. Dizeli haichangamani na maji, hivyo ni kiasi kidogo sana kinachopanda kupitia mizizi. Kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye udongo ulioizunguka mizizi, wakiwemo wa jenasi za Pseudomonas na Rhodococcus, ambao huzivunja haidrokaboni, yaani kemikali za kaboni na hidrojeni zinazounda mafuta, na kuzigeuza sehemu kubwa kuwa kabonidioksidi na maji. Mzizi huwalisha kwa sukari na asidi unazotoa, na unapokufa huacha vijia vya kupitisha hewa. Ndiyo maana mimi huchagua mmea wenye mizizi mingi, myembamba na iliyosambaa, kama ukoka.

Upandaji wangu wa kwanza ulishindikana kabisa. Maji ya kumwagilia yalitiririka juu bila kuzama, kwa kuwa mafuta yalikuwa yamezifunika chembe za udongo, na nyasi chache zilizoshika zikageuka njano na kudumaa. Nilidhani ni sumu peke yake, kumbe ilikuwa pia njaa. Takriban asilimia 85 ya uzito wa dizeli ni kaboni, na nitrojeni yake ni kidogo mno, kwa hiyo bakteria wanapoanza kuila huikomba nitrojeni iliyomo udongoni na mmea hukosa.

Mara ya pili nilianza na udongo wenyewe. Niliutifua mara kwa mara, nikiwa mbali na moto wowote, nikachanganya mboji iliyoiva, kisha nikaongeza mbolea kwa kukaribia uwiano unaotumika sana katika kazi hii, yaani sehemu 100 za kaboni kwa 10 za nitrojeni na 1 ya fosforasi. Mbolea hiyo niliigawa kwa awamu nyingi, kwa sababu ikiwekwa yote kwa mkupuo chumvi yake huunguza mizizi na kuwadhuru bakteria walewale unaowategemea. Kabla ya kupanda, nilisia mbegu za saladi kwenye kopo la udongo huo na kopo jingine la udongo safi, na zilipoota sawasawa ndipo nilipopanda ukoka pamoja na mimea ya jamii ya mikunde, ambayo hupata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa vinundu vya mizizi yake.

Niliacha ukanda mmoja bila mmea, nikautunza kwa maji na mbolea ileile. Harufu ilipotea kote karibu wakati mmoja, kwa kuwa sehemu nyepesi za mafuta huvukiza zenyewe, lakini vipimo vya maabara vilionyesha kwamba ukanda mtupu ulikuwa umebaki nyuma sana. Tangu hapo siiamini tena pua yangu.

Mizizi mingi ya nyasi hukaa katika sentimita 30 hadi 50 za juu. Mafuta yakizama zaidi, miti kama mierebi na mipopla hufika chini kuliko nyasi, ila yakishafikia maji ya ardhini hapo panahitaji wataalamu. Kama palimwagika pia oili chakavu ya injini, pima metali, maana hakuna bakteria anayeweza kuzivunja.

Kuhusu mboga, msimu mmoja hautoshi, na hata nyasi utakazokata usiwalishe mifugo. Sampuli za kwanza zichukue sasa, kabla ya kuweka mboji, na uandike kila shimo lilipo na kina chake. Mboji huzimua mafuta kwa kuchanganyika nayo tu, na ukianza kupima baada ya hapo utashindwa kutofautisha kilichooza na kilichozimuliwa.