Maswali Yenu: Trekta la Kijivu, MF 35 na Kisiki Shambani

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nimeachiwa na baba mkubwa trekta dogo la kijivu lililoandikwa Ferguson. Halina kitufe cha stata. Tena nikikanyaga klachi, plau halinyanyuki hata kidogo. Fundi ananiambia ninunue pampu ya haidroliki. Hili ni trekta la miaka gani, na ni kweli pampu imekufa?
*Msomaji, Ismani, Iringa*

JIBU: Hela ya pampu iweke kwanza. Trekta la kijivu tupu lenye jina hilo ni TE20. Liliundwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, katika kiwanda cha Standard Motor Company, na yalitoka zaidi ya 500,000. Mwenye mfumo wake ni Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland. Soma bati la namba kwenye dashibodi: TEA ni la petroli, TED ni la mafuta ya taa, TEF ni la dizeli.

Stata yake huwashwa kwa mti wa gia. Unausukuma hadi kwenye alama ya S, ndiyo maana haliwezi kuwashwa likiwa kwenye gia. Ulinzi huo Ferguson aliuweka makusudi, usimruhusu mtu auruke kwa kufunga swichi ya pembeni.

Kuhusu plau: pampu ya TE20 ina pistoni nne, imezama ndani ya oili ya giaboksi, na inazungushwa na shafti ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta) inayopata mwendo baada ya klachi. Ukikanyaga klachi, shafti inasimama na pampu inasimama nayo. Trekta lako linafanya kazi kama lilivyoundwa. Lipime hivi: weka gia huru, ingiza mti wa PTO, achia klachi, ongeza mafuta kiasi, kisha vuta mkono wa kunyanyulia. Likinyanyua vizuri, pampu ni nzima. Likinyanyua na kuanza kushuka mara tu unapokanyaga klachi, oili inavuja mahali, na mara nyingi ni ringi za pistoni kubwa ya kunyanyulia. Likinyanyua asubuhi na kukataa oili ikishapata moto, hapo ndipo uishuku pampu na vali zake. Lakini kabla ya kufungua chochote, angalia oili. Giaboksi, difu na pampu vinatumia oili hiyo hiyo, zaidi ya lita 25. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji, imwage yote.

Ukiwa hapo, shika springi iliyo nyuma ya kiti, pale topulinki (mkono wa juu unaoshika plau) inapofungwa. Isicheze mbele na nyuma, ila iweze kuzungushwa kwa vidole. Springi hii ndiyo moyo wa kazi yote ya Ferguson: udongo ukiwa mgumu, plau linasukuma topulinki, springi inabonyea, vali inafunguka na plau linapanda kidogo lenyewe. Ikiwa na mchezo, plau litazama na kuibuka, na mifereji itakuwa ya vina tofauti.

SWALI: Ninauziwa MF 35 (Massey Ferguson) jekundu. Muuzaji anasema spea zote ni sawa na za MF 135. Je, asubuhi za Juni litawaka?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Fungua boneti uhesabu mabomba ya nozeli (vinavyopuliza dizeli): kila silinda ina lake. Kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na modeli ya 35 ikatoka mwaka 1956. Matrekta ya dizeli ya mwanzo yalifungwa injini ya Standard 23C yenye silinda nne, inayojulikana kwa ugumu wa kuwaka kwenye baridi. Kwa Njombe tunakushauri uliache. Mwishoni mwa 1959 ikaja Perkins A3.152 ya silinda tatu, na hiyo ndiyo ya kutafuta.

Muuzaji amesema nusu ya ukweli. Injini ya 135 ni AD3.152: kipenyo cha silinda ni kilekile milimita 91.4, na mwendo wa pistoni milimita 127. Lakini pistoni, silindahedi na nozeli si za kubadilishana holela, kwa hiyo nenda dukani na namba ya injini au spea ya zamani mkononi. Unafuu wako ni kwamba kampuni za TAFE ya India na IMT ya Belgrade zilitengeneza matrekta ya ukoo huu kwa leseni, hivyo spea nyingi bado zinapatikana.

Kwenye baridi, washa kipasha moto cha hewa sekunde 15 hadi 20 kabla ya kupiga stata. Kisiposaidia, fungua kibomba chake cha dizeli. Mara nyingi ni kikavu au kimeziba. Usipulizie dawa ya kuwashia kwenye injini yenye kipasha moto hicho, italipuka kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa).

SWALI: Trekta langu limeandikwa hozipawa 50, lakini huku juu linachoka na kutoa moshi mweusi. Nimeibiwa?
*Msomaji, Uyole, Mbeya*

JIBU: Si lazima. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Mbeya ni karibu mita 1,700, kwa hiyo hozipawa 50 hubaki kama 41 au 42. Hewa ni pungufu na dizeli ni ileile, ndiyo maana moshi ni mweusi. Safisha chujio la hewa, kisha fundi wa pampu apunguze dizeli. Akiongeza, ataunguza pistoni.

Wasiwasi wako una historia. Kampuni moja ya Minneapolis, Marekani, iliajiri mtu mwenye jina la Ford, kama la Henry Ford wa magari, ili iuze matrekta mabovu kwa jina hilo. Wilmot Crozier, mkulima na mbunge wa Nebraska, alinunua moja likamsumbua, na mwaka 1919 jimbo lake likapitisha sheria kwamba trekta lipimwe kabla ya kuuzwa. La kwanza kupimwa, mwaka 1920, lilikuwa Waterloo Boy. Mpaka leo, unapouliza hozipawa, uliza ni ya injini, ya PTO au ya kuvuta. Ya kuvuta ndiyo ndogo kuliko zote, na ndiyo inayolima.

SWALI: Nikivuta visiki, trekta linainua pua. Nifunge mnyororo juu zaidi?
*Msomaji, Mufindi*

JIBU: Hapana! Trekta la Fordson la mwaka 1917 liliua madereva wengi namna hiyo. Matairi yakigoma kuzunguka, mwili wa trekta ndio unaozunguka ekseli, na kupinduka hakuchukui hata sekunde mbili. Funga mnyororo kwenye drobaa (chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya trekta), chini ya kimo cha ekseli, kamwe si kwenye tundu la topulinki. Tumia gia ya kwanza, achia klachi polepole, pua ikiinuka kanyaga klachi papo hapo. Chimba na ukate mizizi ya pembeni kwanza.

SWALI: Nani aliunda trekta la kwanza?
*Mwanafunzi, Tukuyu*

JIBU: La petroli lililoweza kwenda mbele na kurudi nyuma ni la John Froelich wa Iowa, Marekani, mwaka 1892. Kampuni iliyotokana na kazi yake ndiyo iliyounda Waterloo Boy, na Deere ikainunua mwaka 1918.