Boti ya Umeme ya Rimoti kwa Anayeanza

SWALI: Bwana Mshauri, assalamu alaikum. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu, na utotoni nilishindanisha vijahazi vya mbao vyenye tanga la kitambaa kama watoto wengi wa huku. Sasa shemeji yangu aliyeko Dubai yuko tayari kuniletea boti ya umeme inayoongozwa kwa rimoti, ambayo wauzaji wanadai hukimbia kilomita 50 kwa saa. Je, yanifaa mimi ninayeanza, na itastahimili maji yetu ya chumvi?

JIBU: Waalaikumu salamu. Mwombe shemeji aiache hiyo. Boti ya kasi namna hiyo haimpi mgeni nafasi ya kufikiri: inapokuelekea omo, yaani sehemu yake ya mbele, kulia kwake huwa kushoto kwako, na kabla hujalikumbuka hilo imekwisha kugonga gati au, lililo baya zaidi, kumfikia mtoto anayeogelea, ilhali propela yake hukata. Chukua ya mwendo wa taratibu, mfano wa tishari, yenye mota ya kawaida ya brashi na betri ya nikeli ya volti 7.2. Betri ya lithiamu ina nguvu zaidi, lakini yataka chaja yake maalumu na mtu wa kuikalia macho, kwa kuwa seli moja ya ndani yake ikipitishwa volti 4.2 yaweza kushika moto. Shemeji akishikilia kuileta, betri za akiba za lithiamu azibebe katika mzigo wa mkononi, kwani haziruhusiwi katika mizigo inayopakiwa chini ya ndege.

Chumvi haizuii mchezo, ila haisamehi uvivu. Kila urudipo pwani, fungua kifuniko, mwaga maji yaliyoingia, suuza boti kwa maji matamu pamoja na mrija unaopoza mota kama upo, kausha, kisha ujaze grisi upya katika bomba la shafti, yaani la chuma kinachozungusha propela, maana hapo ndipo maji hupenyea na kutu huanzia. Antena nayo iwe juu ya usawa wa maji, kwa sababu mawimbi ya rimoti ya gigahezi 2.4 humezwa na maji. Washa rimoti kwanza, boti baadaye. Wakati wa kuzima, anza na boti.

Usiitie katika mlango wa bahari wa Lamu na Manda wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwani mkondo utaishinda, na vyombo vya abiria havitaiona. Ngoja siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, asubuhi kabla ya upepo kuchangamka, maji yanapokuwa yamesimama, na uiendeshe karibu na ufuo. Awepo mwenzako mwenye hori, yaani mtumbwi mdogo, kwa kuwa boti hii, tofauti na vijahazi vyenu, betri ikiisha haina tanga la kuirudisha. Kabla ya yote hayo, ijaribu ndani ya karai kubwa nyumbani kwa nusu saa, kisha ufungue kifuniko utazame kama sakafu yake ni kavu.