Si kompyuta iliyoiangusha The Thing ya 2011

Swali

Mtaalamu, shikamoo. Kundi letu la watengenezaji wa filamu fupi limegawanyika tangu tulipoitazama The Thing ya 2011, ile inayosimulia yaliyowapata Wanorwei kule Antaktika, walipovamiwa na kiumbe kinachojigeuza nakala ya mtu, kabla ya yale ya filamu ya John Carpenter ya 1982. Karibu wote wanasema iliuawa na CGI, yaani picha zilizotengenezwa kwa kompyuta, na kwamba viumbe vya mpira vingeiokoa. Mmoja tu anashikilia kuwa hadithi ndiyo yenye kasoro. Nauliza kwa sababu tunaandaa filamu ya kutisha ya dakika 12, na kiumbe chetu kinaonekana mara 4. Tuape kutogusa kompyuta kabisa? Na mpira ukionekana bandia, je, kuna kifurushi cha madoido kitakachoficha makosa baada ya kurekodi?

Jibu

Marahaba. Msiape. Kiapo cha mpira mtupu nakisikia kila mara, na kimetokana na habari ya kweli iliyofasiriwa vibaya. Alec Gillis na Tom Woodruff Jr. wa kampuni ya Amalgamated Dynamics walijenga viumbe halisi vya filamu hiyo, vikarekodiwa kwenye seti pamoja na waigizaji, kisha sehemu kubwa ya kazi yao ikafunikwa au kubadilishwa kwa kompyuta kabla filamu haijatoka. Video za viumbe hivyo zilipowekwa hadharani, watazamaji wakatoa hukumu papo hapo: kompyuta ndiyo muuaji.

Hukumu hiyo inaruka kilichofuata. Gillis aliongoza Harbinger Down ya 2015, filamu iliyochangiwa fedha na umma kwa hoja hiyohiyo ya kurudisha viumbe vya mikono. Viumbe vimo, vinateleza, vinashikika, na filamu bado ni dhaifu, kwa sababu hatukuwafahamu mabaharia wake kiasi cha kuogopa wakifa. Mpira haukuiokoa, wala haukutarajiwa kufanya kazi ya mwandishi.

Sasa tazama upande wa 1982. Tunamsifu Rob Bottin, fundi aliyetengeneza viumbe vya filamu hiyo, na anastahili, lakini hatusemi kilichotupwa. Randall William Cook alitengeneza uhuishaji wa kusogeza kikaragosi fremu kwa fremu kwa ajili ya pambano la mwisho. Ilikuwa kazi ya mikono, ya fundi hodari. Carpenter aliona haifanani na picha zilizoizunguka, akaondoa karibu yote. Kigezo chake hakikuwa mpira au kisicho mpira. Aliuliza kama shoti hii na ile inayofuata zinaonekana kutoka dunia moja.

Hapo ndipo filamu ya 2011 inapojikwaa. Kiumbe cha mpira kina mipaka, na mpiga picha anayeijua hupanga taa itoke nyuma ili unyevu ung'ae na maungio yazame gizani, huisogeza kamera karibu, na shoti hukatwa baada ya sekunde 2, kabla jicho halijaanza kukagua. Ukikiondoa kiumbe hicho ukaweka cha kompyuta, mipaka inaondoka na nidhamu inaondoka nayo. Kiumbe kinaanza kukimbia, kinajikunjua chote mbele ya taa, kinabaki kwenye fremu sekunde 6 au 8. Utazamapo makabiliano ya mwisho ndani ya chombo cha angani, huoni ubovu wa programu. Unaona shoti iliyobadilishiwa kusudi ikiwa tayari imeshapigwa.

Kile ambacho wengi hukiita CGI mbaya mara nyingi ni uzito uliokosewa. Kitu kinachoanguka huru hushuka takriban mita 1.2 katika nusu sekunde ya kwanza, yaani fremu 12 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mhuishaji akilibana anguko hilo liishe kwa fremu 7, jicho litalikataa hata kama mwenye jicho hawezi kueleza sababu. Ukungu wa mwendo una hesabu yake pia: shata, yaani kizuizi cha mwanga ndani ya kamera, ikiwa na uwazi wa nyuzi 180 kwa fremu 24 hupitisha mwanga kwa 1/48 ya sekunde, na mguu wa kiumbe lazima ufifie kwa kiasi kilekile cha mkono wa mwigizaji unaokwenda kwa kasi hiyo. Kisha kuna kivuli chembamba cheusi pale kiumbe kinapokanyaga sakafu. Kikikosekana hicho, kiumbe kinaelea, na hakuna ngozi iliyochorwa vizuri itakayokiteremsha.

Mwenzenu anayeilaumu hadithi ana hoja nzito kuliko nyinyi wote, japo naona jambo moja linaonewa. Kate, mhusika mkuu wa filamu ya 2011, anagundua kuwa kiumbe hakiwezi kunakili metali, hivyo anakagua nani ana meno yaliyozibwa kwa metali. Ni wazo zuri: jaribio linalowasafisha baadhi na kuwaacha wengine njia panda, kwa kuwa mtu mwenye meno mazima hana ushahidi wowote wa kujitetea. Shida ni kwamba filamu haikukaa hapo. Kwenye jaribio la damu la 1982, la kutambua nani si mtu tena, watu wamefungwa kwenye kiti, waya wa moto unashuka kwenye kisahani kimoja baada ya kingine, na tunasubiri nao. Filamu ya 2011 inawasha hofu hiyohiyo kisha inaizima kwa mbio za korido.

Pia inavunja mantiki ya kiumbe chenyewe. Kiumbe hiki huishi kwa kujificha, na kila dakika kinapodhaniwa kuwa mtu ni faida kwake. Kwenye helikopta kinajifichua hewani na chombo kinaanguka. Najua utetezi, kwamba rubani alikuwa anageuza kurudi kutua. Lakini kutua kusingekimaliza, ilhali kuanguka kungeweza. Mwandishi alihitaji tukio, kiumbe hakikulihitaji. Wakati huohuo juhudi kubwa ilikwenda kwenye kulinganisha mabaki yaliyoonekana 1982, kama shoka lililobaki mlangoni, maiti yenye nyuso mbili na mtu aliyejikata koo akiwa kitini. Ni uangalifu wa kuheshimika, ila unajibu maswali ambayo hayakuwa yakimnyima mtazamaji usingizi.

Nije kwenye kifurushi chenu cha kuficha makosa. Hakipo. Kuna vifurushi vya moshi, damu na cheche, na vingine ni vizuri, lakini vyote hudhani kwamba taarifa za seti zimehifadhiwa. Wanaouza masomo ya siku mbili na filta za "mwonekano wa sinema" hawalisemi hili kwa sababu halinunuliki: kompyuta haiwezi kujua taa yenu ilikuwa wapi msipoirekodi. Kila mnapobadilisha taa, shikeni tufe la kijivu na tufe linalong'aa kama kioo mahali kiumbe kitakaposimama, mrekodi sekunde chache. La kijivu linaonyesha ukali wa mwanga na upande unakotoka, na linalong'aa linaonyesha kila taa iliyo chumbani. Andikeni urefu wa lenzi, kimo cha kamera na umbali hadi kwa kiumbe. Rekodini sekunde 10 za mandhari tupu, kamera ikiwa palepale, fokasi na eksposha zikiwa zimefungwa, kwa maana hiyo ndiyo picha itakayoziba pengo mkifuta fimbo au waya za kusogezea kiumbe. Kwenye uhariri, linganisheni weusi wa kiumbe na weusi wa chumba kwanza, kisha chembechembe za picha. Wanaoanza hupaka rangi wakati weusi haujakaa sawa, wanapoteza usiku mzima.

Kwa mara zenu 4, mara ya kwanza iwe sauti na kivuli. Mara ya pili na ya tatu kionekane kiungo kimoja, kwa mpira, kikimgusa mwigizaji kweli, kwa sababu mguso ndio jambo ambalo kompyuta huliigiza kwa gharama kubwa kuliko yote. Ya nne kionekane chote kwa fremu 40 hivi, kikaragosi mbele ya kamera, na kompyuta ifute fimbo tu. Mkitaka kibadilike umbo kwa namna ambayo hakuna mkono unaoweza kukisukuma, hapo kompyuta ina haki yake, na shoti hiyo ipangwe kwa ajili ya kompyuta tangu kwenye michoro.

Na kwa kuwa mtagusa silikoni, sikilizeni vizuri. Video zinazofundisha kupaka usoni silikoni ya kuzibia mabomba na madirisha ni hatari. Aina ile yenye harufu kali kama siki hutoa asidi ya asetiki inapokauka, na asidi hiyo hukera ngozi na macho. Tumieni silikoni ya platinamu, yaani inayogandishwa kwa kichocheo cha platinamu, iliyoidhinishwa kwa ngozi. Nyingi huchanganywa 1 kwa 1, lakini fuateni kipimo cha chupa yenu. Msivae glavu za lateksi, wala msimimine kwenye udongo wa kufinyangia wenye salfa: silikoni ya platinamu ikigusa salfa haigandi, inabaki kunata daima, na mafundi bandia hulaumu hali ya hewa. Glavu za vinaili zinafaa. Jaribuni kwanza kipande kidogo pamoja na gundi yake upande wa ndani wa mkono wa mwigizaji, msubiri saa 24. Ute wa kiumbe utengenezeni kwa methiliselulosi, unga wa kukolezea vimiminika, ya daraja la chakula, iliyolainishwa kwa maji, mpya kila siku ya kurekodi, maana ukilala huota ukungu na hautakiwi kukaribia mdomo wa mtu.