Barua kwa mwanangu: bei ya mzee wa Goba

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Mzee wa Goba anataka milioni 180 kwa nyumba ambayo wewe unaona haitavuka 130. Ukimwambia ukweli atampa dalali mwingine, ukinyamaza nyumba italala. Unaniuliza ufanyeje. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nakujua.

Kwanza jiulize hiyo 180 imetoka wapi. Mzee hakujenga kwa mwaka mmoja. Alinunua kiwanja akakaa, akapata hela ya msingi akakaa tena, akapandisha ukuta, mabati yakaja na kiinua mgongo. Alihamia madirisha yakiwa na maturubai. Akitaja bei anahesabu saruji yote, na fundi aliyekimbia na advansi, na miaka ambayo mama hakununuliwa hata khanga. Mnunuzi hayo hayamhusu. Anaangalia barabara, maji, hati, na nyumba ya jirani imeuzwa ngapi.

Kwa hiyo usimwambie "nyumba yako haifiki hapo", utakuwa umemtukana. Mwambie, "Mzee wangu, twende tukaone za wenzako." Mpeleke kwenye nyumba mbili tatu za Madale au Mbezi zinazouzwa kwa hiyo hiyo 180, aingie kama mnunuzi, afungue mabomba mwenyewe. Akikuta moja ina hati na ipo kando ya lami, mtarudi amenyamaza. Zungumza naye hapo, si kabla.

Na uwe na bei za nyumba zilizouzwa kweli. Bei ya Instagram ni matumaini ya muuzaji ukiongeza cha juu, ile hela dalali anayojiongezea kimyakimya juu ya bei ya mwenye nyumba. Bei za kweli wanazo wenyeviti wa mitaa wanaoshuhudia mauziano, na mawakili wanaoandika mikataba. Ubishi ukizidi, aitwe mthamini aliyesajiliwa, na mzee ndiye amlipe. Karatasi aliyoilipia mwenyewe ataiheshimu.

Akikataa yote hayo, mwache. Najua utanuna. Lakini nyumba zenye bei za kubuni zitakumalizia hela ya bodaboda na jina. Ukipita kwake endelea kumwamkia. Masika ikiisha bado anaonyesha nyumba ileile, atakutafuta.

Akikubali, andikianeni: asilimia yako ngapi, nani anailipa, lini, na nyumba itakuwa mikononi mwako peke yako kwa muda gani. Miezi mitatu inatosha. Nyumba ikigawiwa madalali watano kwa bei tano, mnunuzi anaziona zote kwenye simu moja, kisha anaanza kuuliza ina kasoro gani. Na cha juu usiweke. Ndiyo, mji mzima unaweka. Ila siku ya kusaini mnunuzi atataja kiasi anachotoa, mzee atakugeukia mbele ya wakili, na biashara itafia pale mezani.

Sasa karatasi. Ziombe kabla hujapiga picha hata moja. Ana hati miliki, ofa (ile barua ya kugawiwa kiwanja), leseni ya makazi, au mkataba wa serikali ya mtaa tu? Zote zinauzika Dar, lakini si kwa bei moja wala kwa mtu mmoja. Anayetegemea mkopo wa benki hawezi kununua karatasi ya mtaa. Kama kuna hati, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati mjue kama kuna rehani au zuio. Kisha uliza habari za mkewe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. "Mama yuko Moshi, hana neno" hiyo si ridhaa, asaini. Siku utakayopewa nyumba ya marehemu, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa kwa kuwa ndiye mwenye funguo. Ndugu wakiwa hawajaelewana, aga uondoke.

Uliza na mipaka ya hifadhi ya barabara. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, wengine walikuwa na majumba kuliko hiyo ya mzee wako.

Habari ya kodi mwambie siku ya kwanza. TRA watadai kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wa nchi ni asilimia 10 ya faida. Ni ya muuzaji, lakini wengi wanaisikia siku ya mwisho, basi wanambana mnunuzi ailipe yeye. Risiti za saruji na nondo zinapunguza faida inayotozwa, azisake kuanzia sasa hata kama ziko chini ya godoro. Kodi ya ardhi iwe imelipwa. Ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU.

Nyumba yenyewe haina mambo mengi. Majani yakatwe, choo kisuguliwe, mbwa afungwe, picha zipigwe asubuhi. Ufa usifichwe kwa rangi. Mnunuzi atakuja na fundi wake, na akiugundua huo atadhani ipo mingine kumi. Kama kuna wapangaji, mzee awaambie mwenyewe kabla hujaleta wageni.

Hela ya mauziano isipite mkononi mwako, hata mzee akikubembeleza umshikie. Itoke akaunti ya mnunuzi iingie ya muuzaji, wakili akiwepo.

Jumamosi nitakuwa Mbezi kwa shangazi yako. Mzee akikubali kwenda kuona hizo nyumba, mje mnipitie, pengine atanisikiliza mimi wa rika lake. Na mwambie aje na mkewe.

Mama yako