Kaye kwanza, printa baadaye: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho pamoja na baba yako. Unasema umeipata printa ya picha uliyoitamani siku nyingi, Canon PRO-300, yenye katriji kumi, inayochapa mpaka karatasi ya A3+, na kwamba ilipotoka mwaka 2020 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 900. Ukamweleza mke wako, mkwe wangu, naye akakujibu kwa maneno matatu tu: "Studio ya kona inachapa." Tangu siku hiyo hamjalizungumza tena. Na sasa unaniuliza: "Mama, wewe umeishi na mpiga picha miaka yote hii, nimwambie nini akubali?"

Nadhani ulitegemea nikutumie maneno ya kumwambia. Sina. Nina habari ya mashine ya kwanza iliyoingia nyumba hii, ambayo hujawahi kusimuliwa yote kwa sababu ulikuwa bado hujazaliwa.

Mwaka 1986 baba yako alikuwa anapiga picha za harusi na za komunio huko Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, filamu anazipeleka mjini kwa mtu mwingine azisafishe. Sisi wawili tulikuwa tunaweka pesa za mabati ya jikoni. Siku moja mchana mkokoteni ukasimama mbele ya lango, juu yake kitu kimefunikwa blanketi. Ilikuwa mashine ya kukuzia picha, ile ya kusimama mezani yenye taa juu na lenzi chini, imeshatumiwa na wengine. Pesa ya mabati ilikuwa imekwenda yote humo. Jikoni kwangu kukanyeshewa misimu miwili.

Mashine yenyewe haikuwa kosa, nataka ulijue hilo. Ndiyo iliyoleta mabati baadaye, na ndiyo iliyokulipia shule ya msingi. Lakini niliichukia zaidi ya mwaka mzima, na sababu yake baba yako hakuijua kwa kuwa hakuuliza. Sababu ilikuwa maji.

Picha ya zamani, ile nyeusi na nyeupe, ikitoka kwenye dawa ya mwisho ni lazima ioshwe kwa maji mengi, tena yanayobadilishwa. Ukiiosha haraka haraka, dawa inabaki ndani ya karatasi, na baada ya muda picha inaanza kuwa njano, halafu kahawia. Bomba letu siku hizo lilitoa maji usiku tu. Basi saa nane za usiku mimi ndiye niliyeamka kujaza bidoni, yaani madumu ya maji, mimi ndiye niliyeinama kwenye beseni uani, mabibi harusi wa watu wanaelea mbele yangu kifudifudi, ninawageuza mmoja mmoja kwa ncha za vidole. Vidole vilinuka dawa mpaka wakati wa kusonga bukari, ugali wetu. Baba yako alikuwa na hesabu yake nzuri sana: karatasi, dawa, balbu, usafiri. Katika hesabu hiyo maji yalikuwa bure.

Usiku mmoja nilikataa kuamka. Akaosha mwenyewe, haraka, akalala. Mwaka uliofuata mwenye harusi alirudi na picha zake zimeota madoa ya manjano, akaziweka mezani bila kusema neno. Jioni ile baba yako alichukua kaye mpya, daftari kama zile za shule, akapiga mistari, akanipa kalamu: "Andika wewe unacholipa." Niliandika maji. Nikaandika usingizi. Nikaandika jikoni inayovuja. Kuanzia Jumamosi ile bidoni sita za lita 20 alizibeba yeye, na mimi nikaanza kuuliza karatasi mpya zinafika lini.

Ndiyo maana ninakuuliza kabla hujaniuliza tena: mke wako atalipa nini? Dola ninazijua, umezitaja. Mashine hiyo ina upana wa sentimita 64 hivi na uzito unaopita kilo 14, na karatasi inahitaji nafasi ya kuingilia na ya kutokea. Itakaa wapi? Nyumba yenu ninaijua. Ina meza moja kubwa, na wajukuu wangu wanafanyia hapo kazi za shule. Ukishaiweka hapo, atakayekuwa akiwaambia watoto kila jioni "usiguse, usiguse" ni yeye. Hilo liandike mstari wa kwanza wa kaye yako, kwa mkono wako, kabla yeye hajalisema. Na karibu nalo uandike unachopendekeza: rafu utakayoitengeneza wewe, chumba gani, kwa pesa gani.

Baada ya hapo andika wino. Ukikaa katika studio miaka mingi kama nilivyokaa, unajifunza kwamba printa unainunua mara moja na wino unaununua maisha yote. Katriji kumi za mashine hiyo zina mililita 14.4 kila moja. Zijumlishe zote: mililita 144, hazifiki nusu ya chupa ya soda ya mililita 330. Kule Marekani mashine ilipotoka kila moja ilikuwa dola kama 13, yaani seti nzima ilikaribia 130, na hapo hujaweka usafiri wala forodha wala faida ya anayekuletea. Katriji moja ikiisha mashine inasimama, hata kama zile tisa zimejaa. Karatasi nzuri ya A3+ nayo ina bei yake. Mwanamke aliyesema "studio ya kona inachapa" amekwishaipiga hesabu hii kichwani bila kujua tarakimu zake, na anaona wewe hukuitaja. Akiona unamletea dola 900 peke yake, atajua kuna kilichofichwa nyuma, na atakuwa na haki.

Halafu kuna jambo la kwetu huku, ambalo hutalipata kwenye maelezo ya kiwandani. Kichwa cha printa kina vitundu vidogo kuliko unywele. Ukizima mashine kwa kitufe chake, kichwa kinarudi mahali pake na kufunikwa ili wino usikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kinabaki njiani, wazi, hewani. Hapa Lubumbashi umeme unakatika utakavyo wenyewe, na huko Kolwezi sidhani mmetuzidi. Weka juu yake Agosti na Septemba, hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, vumbi jekundu limeingia hata kabatini. Pale studio nilikuwa ninachapa ule ukurasa wa majaribio, wenye vijistari vya kila rangi, ninauinua dirishani: mstari wa samawati umekatika sehemu tatu. Unaamuru mashine ijisafishe. Inajisafisha kwa wino uleule ulionunua, unakwenda kumwagika tumboni mwake. Unachapa tena, bado sehemu moja imekatika. Unasafisha tena. Mara nyingine nilimaliza asubuhi nzima bila kutoa picha hata moja, na wino umeshuka. Kwa hiyo kaye yako iwe na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika tunayoiita onduleri, japo ndogo, ikupe dakika za kumaliza na kuzima kwa adabu. Iwe na kitambaa cha kufunikia. Karatasi zikae ndani ya pakiti yake, maana chembe ya vumbi ikikaa juu ya karatasi inaacha kidoti cheupe katikati ya suti nyeusi ya mtu. Na iwe na ahadi yako kwamba kila wiki utachapa kitu chenye rangi zote, hata picha ndogo, ili vitundu visizibe.

Ahadi hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Je, unachapa? Nisikilize bila kukasirika. Mwaka jana ulipokuja, nilihesabu picha zilizochapwa nyumbani kwenu: mbili, ile ya harusi na ya ubatizo. Kwenye simu ulinionyesha maelfu. Basi fanya hivi kwa miezi mitatu: kila mwisho wa juma mkae pamoja, mchague picha, upeleke studio ya kona, utunze risiti ndani ya kaye. Chukua faili kutoka simu iliyopiga, usichukue zilizopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana mara nyingi zimepunguzwa mpaka pikseli 1600 upande mrefu. Hizo zinatosha karatasi ya 10 kwa 15, lakini ukizipeleka A4 nyuso zinalainika kama zimepakwa mafuta. Miezi mitatu ikiisha, fungueni kaye wote wawili. Mkikuta picha kumi na tano, mke wako alisema kweli, na mashine ya katriji kumi ingekauka mikononi mwako. Mkikuta mia na hamsini, kaye itasema yenyewe na wewe utakaa kimya.

Na umwache naye achague. Ziko mashine nyingine. Epson L8050 ina wino sita wa chupa, mililita 70 kila chupa, yaani 420 kwa jumla. Inaishia A4, lakini wino wake ni rahisi zaidi kwa kila picha. Ndugu yake L18050 inafika A3+. Wino wao unayeyuka na kunywewa na karatasi, hauna nguvu mbele ya jua kama ule wa chembe wa mashine unayoitaka wewe, hivyo picha usiitundike ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Kama mnataka picha za albamu tu, kuna Canon SELPHY, ndogo, haina wino wa maji kabisa, inatumia utepe. Pakiti yake kubwa ina karatasi na utepe wa picha 108, na ikiisha imeisha, kila mtu anajua picha moja imegharimu kiasi gani. Hiyo haizibi hata ukiiacha mwezi mzima. Mimi ningechukua ya chupa. Baba yako, yuko hapa pembeni, anasema andika kwamba yeye hakubali.

Anasema wino kumi ni halali yako kama kweli unataka kuonyesha watu picha zako. Unajua anavyokuwa akianza habari hii. Mwaka 2008, ilipoanza ile Biennale ya hapa kwetu, maonyesho ya kila baada ya miaka miwili yanayoitwa Picha, alinivuta kwenda kuangalia, na mpaka leo anamzungumzia Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, aliyechukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi akaziweka juu ya picha za viwanda vilivyobomoka. Anauliza kila mara: kama hakuna aliyechapa zile za kale na kuzitunza, yule kijana angekata nini, angebandika nini? Nimemwandikia hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mke wako anastahili kulisikia kutoka kwako. Mwambie kwa nini unaitaka. Kwangu ulieleza dakika nne. Kwake, kwa ulivyosimulia, ulianzia bei.

Kuna jambo jingine, na nimefikiri siku mbili kama nikuambie. Mama mkwe wako alipofariki, wewe ulikuwa kazini, mke wako ndiye aliyekuja studio kutafuta picha ya kuweka kwenye matanga. Alileta kadi ya uchaguzi. Hakuwa na nyingine. Tuliikuza ile picha ya ukubwa wa kucha mpaka A4, na nilijitahidi, lakini macho yalibaki madoa mawili ya kijivu. Aliishika kwa mikono miwili akaniuliza taratibu, "Mama, hakuna namna ya kurudisha macho?" Nikamwambia hakuna.

Nisikusikie umelitumia hilo kama ndoana ya kupatia mashine. Lakini shangazi zake wako Likasi na Kipushi, na wanawake wa rika lile wana albamu chini ya kitanda. Nenda. Omba. Piga picha ya kila picha, mchana, kivulini, bila flashi, karatasi imelala bapa. Zile za rangi za miaka ya 80 zitakuwa zimepauka au zimekuwa nyekundu. Zilete kwangu, baba yako bado anajua kuzirekebisha. Tutachapa hapa, kwa studio ya mtu, kwa pesa ya kawaida. Fanya hilo hata kama printa hutaipata kamwe.

Kuhusu wakati: usimguse na habari ya kununua printa Agosti wala Septemba, minervali, yaani karo za watoto, hazijalipwa na kila mtu anahesabu. Zamu yako ya likelemba, ule upatu wenu, ulisema ni Novemba. Miezi mitatu ya kaye ukiianza sasa itakufikisha hapohapo, na mvua zitakuwa zimeanza, vumbi limetulia.

Kaye nimekununulia, inakuja na basi la Ijumaa pamoja na unga na viatu vya mdogo. Kurasa mbili za mwanzo nimeziacha wazi, ni za mke wako. Baba yako anauliza kama chumba chenu cha nyuma kinaingia jua mchana. Nijibu hilo.

Mama yako